Miguu ya Mkunga

Kwanza niseme wazi, mimi si mtu wa kusifia watu. Ofisini wananijua. Mtu akishona nguo mpya akaja kujizungusha mbele yangu, namtazama tu. Sifa akazitafute kwa mama yake. Kwa hiyo mkinisikia leo namsifia mtu toka mwanzo mpaka mwisho, mjue kweli amenishinda.

Mtu mwenyewe tulimwita Masikio. Nimekaa naye chumba kimoja cha masjala miaka kumi na moja, meza yake ikitazamana na yangu, na katikati yetu dirisha lisilofunguka vizuri na kabati la chuma limejaa mafaili. Kazi ya masjala ni hivi: barua inaingia, unaigonga muhuri, unaiandika kwenye daftari, unaipa namba, unalitafuta faili lake, unalipeleka kwa mkubwa. Kesho faili linarudi, mkubwa kaandika pembeni neno moja, "Nimeona." Unalirudisha kabatini. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Ukiifanya miaka thelathini wanakupa saa ya ukutani na kukupigia makofi.

Mimi kazi hiyo hainisumbui. Naifanya, nalipwa, narudi kwangu. Lakini mwenzangu ilikuwa inamla. Alikuwa akigonga muhuri huku macho yapo dirishani, na mara nyingi nilimkuta kashika barua ile ile kwa dakika kumi nzima. Kilichomweka hai ni masikio yake. Mtu akipita kwenye korido, mlango umefungwa, yeye anakwambia ni nani na ana hali gani. "Huyo Mkuu, leo viatu vimelowa." "Yule jamaa wa mishahara, katoka kugombana." Nikifungua mlango nichungulie, kweli ni yeye, na kavimba.

Na si kusikia tu, kuigiza pia. Siku moja alichukua mihuri miwili ya mpira, akaigonga mezani taratibu, kwanza mbali halafu karibu, tap, tap, tap, na mwisho akavuta droo kidogo ikalia kama kikohozi. Ilikuwa ni Mkuu anakuja! Chumba cha pili tukasikia magazeti yanakunjwa haraka haraka na mtu anaangusha kikombe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mkuu mwenyewe siku hiyo alikuwa likizo.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kujiuliza. Kila asubuhi nikifika mlangoni, chai yangu ilikuwa inamiminwa. Haikuwa imemiminwa ikapoa, wala haikuwa bado. Inamiminwa, naona kabisa inaingia kikombeni. Miaka kumi na moja. Nilidhani ni bahati yangu.

Sasa niseme habari ya mguu, maana bila huo hamtaelewa. Mguu wangu wa kulia ni mfupi. Niliugua nikiwa mdogo, ukabaki nyuma, mwenzake ukaendelea kukua. Fundi viatu hunibandikia soli nene upande huo, na nikitembea kwenye vigae nasikika: ka, shuu-du. Ka, shuu-du. Shuleni walikuwa wakinifuata nyuma wakiniigiza, na nikikimbia ndiyo kabisa, walikuwa wanagaagaa chini kwa kicheko. Nikaacha kukimbia. Tangu darasa la tatu sijakimbia mbele ya mtu yeyote, hata mvua ikinikuta njiani. Mume wangu, ambaye ameniona katika hali zote, hajawahi kuniona nikikimbia. Na pale ofisini korido ina vigae katikati, lakini kando ya ukuta wamebakiza kipande cha zulia kuukuu. Njia yangu ni hiyo, pembeni kama panya.

Basi mwaka huu redio ikatangaza inatafuta mtu wa kutengeneza sauti za michezo ya kuigiza. Si waigizaji. Mtu wa vishindo: milango, mvua, moto, nyayo. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa anastaafu. Masikio alisikia tangazo hilo akiwa na barua mkononi, akaiweka chini, na sidhani kama barua ile ilipata namba.

Alikwenda kujaribiwa, wakampenda nusu. Wakamwambia aje mwezi mmoja wamtazame, kuna mchezo mrefu unaanza. Akaomba likizo bila malipo. Mkuu akamwangalia juu ya miwani.

"Kiti chako nakushikia mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi," akamwambia. "Saa mbili asubuhi usipokuwepo, nampa mwingine. Nina orodha ya watu ndefu kama kamba ya kuanikia nguo."

Mimi nilimwambia kweli yake. "Una wazimu. Mtu mzima unaacha kiti ukapige makopo?"

"Dada," akasema, "nikibaki hapa nitakuwa faili."

Nikamwambia basi nenda, na nikampa mgongo. Nilikuwa nimekasirika. Nani atakaa mbele yangu?

Wiki ya pili, hasira zimepungua, nikaenda kumwona nyumbani. Anaishi na mama yake, vyumba viwili na jiko. Mama alinipokea mlangoni kidole kikiwa mdomoni.

"Polepole, mwanangu. Nyumba inaungua."

"Nini?"

"Ingia uone mwenyewe. Mimi nimechoka."

Masikio alikuwa kapiga magoti sebuleni mbele ya simu yake inayorekodi, anafinyangafinyanga mfuko wa nailoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anavunja njiti za kiberiti mojamoja. Nikafumba macho. Jamani, nyumba ilikuwa inaungua kweli! Nilihisi mpaka joto.

"Umeona?" Mama akaninong'oneza. "Mchele wangu ukimwagwa kwenye sinia, hiyo ni mvua. Karoti zangu zote ni mifupa imevunjika. Juzi nimekuta kabichi limepigwa ngumi, naambiwa ni ugomvi wa wanaume. Wenzangu wana watoto wanaowasumbua kwa ulevi. Mimi wangu anapiga kabichi."

Alisema hivyo, lakini nilimwona amesimama pale mlangoni na sinia kifuani, tayari, anangoja aambiwe mvua inyeshe.

Masikio mwenyewe alikuwa amekonda. Mchezo wenyewe, akanieleza, ni habari ya mkunga anayetembea nyumba hadi nyumba. Katika kila sehemu atasikika akija. Na mtayarishaji wa mchezo, mama mmoja mkali asiyecheka, alikuwa amemwambia: "Mkunga wako hatembei. Anagonga sakafu tu." Masikio alikuwa amejaribu kila kiatu cha mtaa mzima.

Nilipoaga akanisindikiza mpaka nje. "Dada, una viatu vyako vya zamani?"

"Vya nini?"

"Kuna kitu nataka kusikia."

Nilikuwa navyo, vile vya kahawia ambavyo fundi alishasema havibandikiki tena. Nikampelekea kesho yake. Nilidhani anataka ile soli nene agongee kitu. Anayepiga kabichi hashindwi kugonga soli. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne, watu wote wamejaa masjala kwetu kunywa chai, maana redio iko juu ya kabati letu. Chai nimejimiminia mwenyewe, imepoa. Tangazo likaja: mchezo mpya, hivi karibuni. Tukasikia mwanamke anaugulia, mwenye uchungu wa kuzaa. Tukasikia mlango unafunguliwa. Kisha, kwa mbali, kwenye sakafu:

Ka, shuu-du. Ka, shuu-du. Ka, shuu-du.

Na sauti ya bibi kizee: "Wekeni maji motoni. Amekuja."

Macho yote yakashuka kwenye miguu yangu. Watu kumi na wawili wananitazama viatu! Yule jamaa wa mishahara akapasuka: "Haa! Dada, wamekuigiza!" Mkuu akakohoa, akachungulia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama.

Niliumia. Sitaki kupamba maneno, niliumia sana. Nilirudi darasa la tatu pale pale, mkate mkononi, kikombe mezani. Na walionicheka zamani walikuwa watoto wapumbavu. Huyu ni mwenzangu wa miaka kumi na moja, na viatu nimempa kwa mkono wangu.

Sikuaga mtu. Nikachukua mkoba.

Jengo la redio lina ngazi za saruji na baada ya hapo korido ndefu yenye vigae. Mwisho wa korido kuna mlango na taa nyekundu juu yake. Taa ikiwaka, kila anayepita ananyata. Mlinzi akaniwekea kidole mdomoni. Kunyata! Mimi hata nikitaka siwezi. Nikamwambia kwa mdomo bila sauti kwamba asinizoee, nikaenda mpaka mlangoni nikasimama. Taa ikazimika. Mlango ukafunguliwa kabla sijagusa kitasa, na Masikio yuko mbele yangu, miguuni kavaa viatu vyangu vya kahawia.

"Nimekusikia toka kwenye ngazi," akasema. "Umekasirika. Leo unakanyaga kwa kisigino."

Hapo ndipo nikamtolea uvivu. Sikubakisha kitu. Nilimwambia ameniuza, ameniweka juu ya kabati watu wanicheke wakinywa chai. Nilimwambia kama alitaka kilema cha kuchezea angetafuta cha ukoo wake. Nyuma yake niliona watu wawili watatu wamekaa kimya, na fundi mitambo upande wa pili wa kioo anajifanya hamnazo, anafuta vitufe ambavyo havina vumbi.

Masikio hakujitetea. Alingoja nikaishiwa pumzi.

"Una haki," akasema. "Nilitakiwa kukuomba, sikukuomba. Niliogopa utakataa. Hilo ni kosa langu na sina la kulifunika."

"Kwa nini mimi? Miguu yote ya dunia, kwa nini yangu?"

"Nilijaribu ya mama. Ya Mkuu. Ya mlinzi. Ya jirani mwenye kisigino kirefu. Ikawa miguu tu, inapita. Halafu nikajiuliza, ni miguu gani nikiisikia nafurahi kabla sijamwona mwenyewe?" Akatazama chini, kwenye viatu vyangu. "Wewe ukikanyaga ngazi ya kwanza pale ofisini, mimi huku juu natia majani ya chai. Ngazi ishirini na mbili. Ukifika mlangoni, chai imeiva."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kutosha mpaka jioni, nikajikuta nahesabu ngazi.

Mtayarishaji akasimama. Mama mwembamba, kalamu kaichomeka nywelani. "Dada, pole," akasema, na alionekana si mtu wa kusema pole mara nyingi. "Lakini saa nane namaliza kurekodi sehemu ya kuzaliwa mtoto. Ikikubalika, huyu naandikiana naye mkataba wa mchezo mzima. Bila miguu hiyo sina mkunga, na bila mkunga sina haja na mtu wa nyayo."

"Ukisema hapana," Masikio akasema, "nawaambia waifute hata kwenye tangazo. Jumatatu saa mbili niko masjala."

Sasa niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Neno "hapana" lilikuwa tayari limefika mdomoni. Na halikuwa la hasira peke yake. Jumatatu angerudi! Angekaa mbele yangu, angeniambia nani anapita, chai ingemiminwa. Neno moja tu, na ningempata tena. Mpaka leo nikikumbuka jinsi lilivyokuwa tamu naona haya.

"Hebu kwanza nione mnavyofanya," nikasema, shingo upande.

Wakanipa kiti pembeni. Chumba chenyewe kuta zimefunikwa sponji, sauti haiendi popote. Mbele ya Masikio palikuwa na mlango mdogo uliosimama peke yake, una makomeo matatu na hauendi mahali. Chini kuna sanduku la mchanga, sanduku la kokoto, kipande cha saruji, vigae sita vimebandikwa ubaoni. Kulikuwa na rundo la mikanda ya kaseti za zamani imechambuliwa. Alipoikanyaga kidogo ilikuwa mtu anapita kwenye majani makavu. Sinia la Mama lilikuwepo. Nikalitambua.

Taa nyekundu ikawaka. Waigizaji wawili wakasimama kwenye maikrofoni yao: kijana mwembamba aliyekuwa mume, na mama mnene aliyekuwa akijifungua wima, karatasi mkononi, miwani puani. Masikio akasimama juu ya vigae. Goti la kulia alikuwa amelifunga kitambaa ili lisikunjike kama kawaida yake. Mkono mmoja ameshika kanga anayoipigisha kwenye paja, ndiyo nguo ya mkunga. Mwingine ameshika mkoba wa ngozi wenye mikasi na chupa ndani. Kisha akafumba macho akaanza kutembea.

Hakwenda popote. Alitembea pale pale alipo, na bado ulimsikia akitoka mbali, anakaribia, anapita kwenye vigae, anasimama kizingitini, anahamisha mkoba mkono. Mtu mmoja ndani ya chumba cha sponji, na mimi niliiona nyumba, nikaona korido, nikaona taa imewekwa dirishani. Na uso wake! Miaka kumi na moja nimemtazama huyu mtu akigonga muhuri, nikadhani uso wake naujua. Sikuwa naujua. Huu ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwake.

Hasira yangu ilianza kuniacha, nami nikaing'ang'ania, maana nilikuwa nimetoka nayo mbali.

"Simamisha," mtayarishaji akasema. Taa ikazimika. "Miguu ni mizuri. Mizuri sana. Lakini mwanamke anakufa chumbani, na huyu mkunga anakwenda kunywa chai."

Masikio akajaribu tena, haraka zaidi. Ikawa ni ile ile, imeharakishwa tu. Akajaribu tena. Mara ya nne jasho lilimtiririka shingoni, na kitambaa cha gotini kikafunguka. Mara ya sita mtayarishaji alitazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Masikio akakaa kwenye sanduku la kokoto akashika kichwa.

"Nasikia mpaka mlangoni," akasema, kama anaongea peke yake. "Haraka siisikii. Sijui haraka yake ikoje."

Mimi nilijua kwa nini, na hakuna mwingine pale ndani aliyejua. Huyu mtu amenisikia miaka kumi na moja, kila siku, ngazi ishirini na mbili. Lakini amenisikia nikienda masjala! Nani ana haraka ya kufika masjala? Miguu anayoijua ni ya mtu anayekwenda mahali asipokuwa na hamu ya kufika.

"Hujawahi kunisikia nikikimbia," nikasema.

Akainua kichwa. "Hapana."

"Hakuna aliyewahi."

Akanitazama, akaelewa. Na jambo ambalo nitamheshimia mpaka naingia kaburini ni kwamba hakuniomba. Alikuwa na nusu saa, mkataba uko mezani, Jumatatu inamngoja na muhuri wake, na dawa yake imekaa pale kwenye kiti imeshika mkoba. Hakuniomba. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyangu ili anirudishie.

"Ile korido ya nje," nikamwuliza mtayarishaji, "ina urefu gani?"

"Hatua hamsini hivi."

"Mlinzi ashuke chini. Na ninyi wote mtoke mje, halafu mgeuke ukutani. Nikimwona mtu anachungulia, naondoka na viatu vyangu vyote viwili."

Wakatoka. Laiti mngewaona! Mtayarishaji mkali na kalamu yake nywelani, fundi mitambo, mume, na yule mama mnene anayejifungua, wamepangwa uso ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Masikio peke yake alikaa chini katikati ya korido, mgongo kanipa, macho kafumba.

Nikasimama mwisho kule. Nikasema, mwanamke anakufa. Nikapiga moyo konde, nikakimbia.

Nilikuwa nimesahau. Nikikimbia mguu wangu haukokotwi, hauna muda wa kukokotwa. Unaruka. Ka-du! Ka-du! Ka-du! Mkoba unanipiga kiunoni, pumzi inanikwama, upepo unaniingia masikioni. Nikampita Masikio, nikafika mlangoni nikashika kitasa, nikasimama nahema. Nikangoja kicheko. Hakikuja. Watu wanatazama rangi ya ukuta.

"Tena," Masikio akasema.

"Nini?"

"Tena, dada. Karibu na mlango unafanya kitu."

Nikakimbia tena. Nikakimbia mara tatu, mimi mama mzima mwenye watoto watatu! Mara ya tatu nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujua yapi ni ya nini.

"Nimekipata," akasema. "Ukikaribia kufika, mguu wako mzima, ule wa kushoto, unapiga mara mbili. Kama unabisha hodi kabla ya mkono."

Tuliporudi ndani, fundi mitambo akajikuna kichwa. Akakiri kwamba alikuwa ameacha maikrofoni moja wazi mlangoni, kwa hiyo mbio zangu zote amezinasa. "Tunaweza kutumia hizi hizi za kweli," akasema. Akatusikilizisha. Jamani! Kishindo, mgongano, kishindo. Nilisikika kama mtu anahamisha kabati.

"Ndiyo hivyo," mtayarishaji akasema. "Kweli ikiingia kwenye waya inakufa. Inataka mtu wa kuifufua."

Masikio akafunga kitambaa gotini. Taa ikawaka. Mama mnene akaugulia, mume akalia, na kutoka mbali, mbali sana, kabla hata ya mlango wa mwisho, nikasikia: ka-du, ka-du, ka-du! Mkoba unalia, nguo inapepea, pumzi inakatika. Ilikuwa ni mimi, lakini mimi ninayekwenda mahali ninapongojwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia mguu wangu nikatamani ufike haraka. Zile mbili za mwisho zikapiga, mlango ukafunguka, na yule bibi kizee, ambaye ni yule yule mama mnene kabadilisha sauti, akachelewa kusema neno lake kwa sababu alikuwa amegeuka kumtazama mkunga aingie.

Mtayarishaji hakusema "simamisha." Alichomoa kalamu nywelani akaenda kuutafuta mkataba.

Jumatatu saa mbili kamili Mkuu alisimama mlangoni akatazama kiti.

"Haji?"

"Haji," nikasema, na sauti yangu ikatoka na majivuno ambayo sikuyatarajia. Saa tatu akakaa mwingine, mtoto wa watu, mpole, ananiamkia kila anaponipita. Chai najimiminia mwenyewe. Siwezi kusema sijali. Siku nyingine naitazama ile meza mpaka barua inaniponyoka mkononi.

Mchezo ulianza baada ya wiki mbili, saa nne ile ile. Watu wakajaa, redio juu ya kabati. Mkunga alipokimbia, hakuna aliyetafuna. Mkuu alishika kikombe hewani mpaka mtoto akalia. Yule jamaa wa mishahara akanigeukia, safari hii bila kicheko.

"Dada," akasema, "huyo ni wewe?"

"Hapana," nikamwambia. "Huyo ni Masikio. Mimi nasikika kama mtu anahamisha kabati."

Jioni ile, wakati wa kutoka, mvua ikashuka ghafla. Watu wote wa jengo walikuwa wamejibanza barazani wanangoja ipungue, Mkuu na faili kichwani, jamaa wa mishahara, wote. Kutoka hapo mpaka kituoni ni uwanja mtupu. Nikajifunga kanga kiunoni, mkoba kwapani, nikakimbia. Sikumwambia mtu ageuke ukutani.